Tusiisingizie Damu ya Ukoo

Siku ya tatu ya matanga ya mjomba wangu tulikuwa tumekaa mkekani chini ya mwembe, kahawa ikizunguka. Mzee mmoja wa ukoo akaweka kikombe chini, akasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukata shauri: "Marehemu kauawa na jambo jingine. Kansa ya utumbo haimo katika ukoo huu. Damu yetu sisi ni safi." Watu wakaitikia kwa vichwa. Upande wa pili wa mkeka alikaa shemeji yangu, mume wa dada yangu, ambaye baba yake na kaka yake wote walifariki kwa maradhi hayo hayo. Hakubisha. Alisema tu, polepole: "Kwetu ipo. Nami naingoja siku yangu."

Kauli hizo mbili zinaonekana kama zinapigana, kumbe ni watoto wa tumbo moja. Zote zinashika kwamba saratani ya utumbo mpana ni jambo la jeni, kwamba jeni ni urithi, na kwamba urithi haufutiki. Asiyeandikiwa alale usingizi. Aliyeandikiwa angoje. Nimeisikia imani hii barazani, kwenye daladala, redioni, na hata kwa wahudumu wa afya ambao walipaswa kujua zaidi. Naipinga, na nitaipinga popote nitakapoikuta, kwa sababu katika yote tunayoambizana kuhusu saratani hii sidhani lipo jingine linalotuzikia watu kama hili.

Mjomba alianza kuona damu chooni akiwa na miaka 52. Alikwenda zahanati, akapewa dawa ya bawasiri ya kupaka. Damu ikapungua, kisha ikarudi. Akapewa dawa nyingine. Mara ya tatu nilimwuliza, "Mjomba, wamekupima kweli?" Akacheka. "Mwanangu, hizi bawasiri za kukaa kwenye usukani miaka ishirini. Halafu kwetu hakuna maradhi hayo." Kwa miezi 11 hakuna aliyempima hata kwa kidole, sembuse kwa kamera. Alipofikishwa hospitali kubwa tumbo lilikuwa limejaa, choo hakipiti, na picha ya ini ilikuwa na madoa. Siilaumu zahanati ile peke yake. Aliyetoa dawa na aliyeipokea walikuwa wanaamini kitu kimoja.

Basi tuitazame hiyo jeni inayosingiziwa.

Karibu kila seli ya mwili wako imebeba kitabu kile kile. Seli ya ini, ya jicho, ya ukuta wa utumbo, zote zina jeni zipatazo 20,000, herufi kwa herufi. Mbona basi ini si jicho? Aliyepita madrasa atanielewa upesi. Watoto arobaini wana juzuu moja, lakini kila mmoja yuko mahali pake, anasoma kwa sauti yake, na mwalimu aliyekaa mbele anamsikia kila mmoja. Juzuu ni moja, tofauti ni ukurasa uliofunguliwa. Hivyo ndivyo seli zilivyo. Jeni inasomwa, nakala yake inatolewa, na protini inatengenezwa kwa kufuata nakala ile. Jeni isiyosomwa, hata iwe nzima kiasi gani, haifanyi lolote. Na jeni nzima isomwayo kupita kiasi inaweza kuibomoa nyumba. Ugonjwa unaanzia hapa, kwenye usomwaji wa jeni, na hapa ndipo watu wetu hawajawahi kuonyeshwa.

Rafiki yangu afanyaye kazi maabara, kazi yake kusoma sampuli za nyama zilizokatwa kwa wagonjwa, alinikalisha siku moja mbele ya hadubini. Kioo cha kwanza kilikuwa na ukuta wa utumbo mzima. Niliona vishimo vimejipanga kama mashimo ya bao, kimoja kando ya kingine, na kila kishimo kimezungukwa na seli zilizobeba tone jeupe la ute. Viini vyake, vilivyotiwa rangi ya zambarau, vimekaa chini, mstari mmoja, kama watu waliosimama kwenye swala. Kisha akaweka kioo cha pili, cha polipu, yaani kinyama kilichoota ndani ya utumbo wa mtu mwingine. Vishimo vimebanana. Viini vimerefuka, vimekuwa vyeusi, vimepandiana. Ute umetoweka karibu wote. "Hizi bado si saratani," aliniambia. "Ila zimeshasahau kazi yao."

Neno lile "zimesahau" lilinikaa, kwa sababu ndilo lenye sayansi yote ndani yake. Katika utumbo mzima, seli huzaliwa chini ya kishimo, hupanda juu taratibu, na baada ya siku nne au tano hubanduka na kwenda na choo. Kule chini husoma ukurasa wa kugawanyika. Zinapopanda, ukurasa ule hufungwa na kurasa nyingine hufunguliwa: za kutengeneza ute, za kufyonza maji, na mwisho za kufa kwa utaratibu. Mmoja wa walinzi wa mpango huu ni protini ya jeni iitwayo APC, iliyotambuliwa mwaka 1991. Kazi yake kubwa ni kusaidia kuiteketeza protini nyingine, beta-katenini, isirundikane. APC ikitoweka, beta-katenini hujaa, huingia ndani ya kiini cha seli, na kufungua kurasa zilizopaswa kufungwa. Mwaka 1998 watafiti walionyesha kwamba mojawapo ni ukurasa wa jeni ya MYC, ambayo huisukuma seli igawanyike. Kwa hiyo seli inapanda juu ya kishimo huku bado inasoma somo la chini: gawanyika, gawanyika. Haibanduki, na nyingine kama yake zinazidi kuzaliwa. Polipu ile niliyoiona ilianzia hivyo.

Hapa mpinzani wangu atanikatiza: umejijibu mwenyewe, si umesema APC imeharibika? Basi ni jeni. Nakubali nusu yake. Ni kweli kwamba takriban uvimbe wanane kati ya 10 wa saratani ya utumbo mpana huwa na APC iliyoharibika. Lakini iliharibikia wapi, na lini? Kwa wagonjwa walio wengi iliharibika ndani ya seli moja, katika kishimo kimoja, mtu akiwa ameshakuwa mtu mzima. Hakuipata kwa baba wala kwa mama, na hatampa mwanawe. Kasoro za kurithi zenye nguvu, tunazozifahamu kwa majina, hubeba takriban wagonjwa watano tu kati ya 100. Mzee aliyesema damu ya ukoo wake ni safi alikuwa anazungumzia hao watano, halafu akawasahau waliobaki 95, na marehemu wetu alikuwa miongoni mwao.

Lipo jibu la pili, nalo lina uzito zaidi. Mwaka 2015 watafiti wa New York walichukua panya, wakainyamazisha APC yao bila kuivunja herufi hata moja. Waliifanya isisomeke tu. Vinyama vikaota utumboni. Kisha wakaiachia isomwe tena. Seli zilizokuwa zikigawanyika hovyo zikarudi kukomaa, zikapanga upya vishimo vyake, uvimbe ukanywea na haukurudi. Na ilikuwa hivyo hata pale ambapo seli zile zilikuwa na kasoro nyingine mbili nzito, za jeni za Kras na p53, ambazo watu wengi wangesema ni mwisho wa safari. Panya si mtu, na leo hakuna dawa hospitalini inayomfanyia binadamu jambo hilo. Simtangazii mgonjwa tumaini la uongo. Ninachosema ni kwamba jaribio lile liliiuliza imani ya "jeni ni hukumu" swali la moja kwa moja, na imani ile ikakosa jibu.

Wala hatuhitaji panya peke yao. Katika watu, takriban uvimbe 15 kati ya 100 wa saratani hii una tatizo la mhariri: kundi la protini zinazosahihisha makosa seli inapojinakili halifanyi kazi. Katika wengi wa hao, jeni ya mhariri huyo, MLH1, haina kasoro yoyote ya herufi. Imebandikwa vijialama vya kikemikali viitwavyo methili pale penye mlango wake, ikafungwa, ikawa haisomeki. Kitabu kizima, ukurasa umegandishwa gundi. Seli ikaanza kurundika makosa ambayo hayasahihishwi, mpaka ikawa saratani. Mtu huyo ukimpima urithi wake utamkuta mzima kabisa. Ukoo wake ni "safi". Naye anaumwa.

Wanaopenda kusema kwamba saratani ni orodha ya jeni zilizovunjika humtaja Bert Vogelstein wa Johns Hopkins, na wana haki ya kumtaja. Yeye na Eric Fearon ndio waliochora, mwaka 1990, ngazi ambayo leo kila mwanafunzi wa udaktari huisoma hivi: APC, kisha KRAS, kisha kupotea kwa kipande cha kromosomu ya 18, kisha p53, kutoka ukuta mzima hadi saratani. Lakini miaka saba kabla ya ngazi hiyo, mwaka 1983, Vogelstein huyo huyo, pamoja na Andrew Feinberg, alichapisha ugunduzi kwamba vinasaba vya uvimbe wa utumbo vimepoteza sehemu ya vile vijialama vya methili ukilinganisha na nyama nzima ya jirani. Tangu mwanzo, basi, mambo mawili yalikuwa mezani: herufi kuvunjika, na usomwaji kuvurugika. Watu waliokota moja wakaacha jingine, kwa sababu herufi iliyovunjika ni rahisi kuisimulia.

Na herufi kuvunjika peke yake hakutoshi. Mwaka 2019 watafiti wa Taasisi ya Sanger, Uingereza, walikata kishimo kimoja kimoja kutoka sehemu nzima za utumbo wa watu wa makamo na kusoma vinasaba vyake. Takriban kishimo kimoja kati ya 100 kilikuwa tayari na kasoro ya aina inayosukuma saratani. Utumbo mpana una vishimo kwa mamilioni. Piga hesabu: mtu wa miaka 50 au 60, anayekwenda shambani, anayesali, anayecheka na wajukuu, anaweza kuwa na makumi ya maelfu ya vishimo vyenye kasoro hiyo. Walio wengi wetu hatutaugua saratani hii kamwe. Kama kasoro ndiyo hukumu, mbona sisi sote hatujafa?

Mwaka 2015, mwaka wa lile jaribio la panya, lilizuka neno jingine, nalo lilifika hadi kwenye magazeti yetu: kwamba theluthi mbili za saratani ni bahati mbaya tu. Lilitokana na kazi ya Vogelstein na Cristian Tomasetti, waliolinganisha idadi ya migawanyiko ya seli katika viungo mbalimbali na hatari ya saratani ya kila kiungo. Walichokuta ni kwamba takriban theluthi mbili ya tofauti kati ya kiungo na kiungo inaendana na migawanyiko hiyo. Hawakusema kwamba wagonjwa wawili kati ya watatu waliugua kwa bahati mbaya. Ukisomewa kwamba ajali ni nyingi kwenye barabara yenye magari mengi, hujaambiwa kwamba breki hazina kazi.

Sasa nije kwa kauli ninayoichukia kuliko zote: kwamba huu ni ugonjwa wa wazungu.

Inatajwa sana kwa jina la Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Ireland aliyefanya kazi Uganda kwa miaka mingi baada ya vita kuu ya pili. Burkitt aliona kwamba saratani ya utumbo mpana ilikuwa adimu sana kwa wagonjwa wake wa vijijini, na mwaka 1971 aliandika kwamba sababu iko katika chakula, hasa makapi na nyuzi za nafaka na mboga. Hakusema damu ya Mwafrika ina kinga. Alisema sahani yake ina kinga. Sisi tukachukua maneno yake, tukatoa sahani, tukatia damu. Wakati huo huo Wamarekani weusi, ambao asili yao ni Afrika hii hii, ni miongoni mwa wanaoathirika zaidi na saratani hii nchini Marekani. Kama ni damu, damu ile ilibadilika lini?

Mwaka 2015, timu iliyoongozwa na Stephen O'Keefe wa Pittsburgh ilitoka kwenye maneno ikaingia jikoni. Walichukua Wamarekani weusi 20 na Waafrika Kusini 20 wa vijijini, wakawabadilishia vyakula kwa wiki mbili. Wamarekani wakala chakula cha kijijini: nyuzi zikapanda kutoka takriban gramu 14 hadi 55 kwa siku, mafuta yakashuka. Wale wa kijijini wakala cha Marekani: nyuzi zikashuka kutoka 66 hadi 12, mafuta yakapanda hadi kufikia zaidi ya nusu ya nguvu ya chakula chao. Kisha wakaingiza kamera na kukata sampuli za ukuta wa utumbo, kabla na baada. Walipima Ki67, protini ambayo seli huitengeneza pale tu inapokuwa katika shughuli za kugawanyika. Katika Wamarekani ilishuka. Katika wale wa kijijini ilipanda. Dalili za mchochota, yaani ukuta kuwaka na kuvimba kwa ndani, nazo zikafuata njia hiyo hiyo. Jeni za watu wale hazikubadilika hata moja. Kilichobadilika ni kurasa zinazosomwa, na ilichukua wiki mbili.

Njia mojawapo inafahamika. Nyuzi za chakula hazimeng'enywi juu. Zinafika utumbo mpana zikiwa nzima, na huko bakteria huzichachua na kutoa, pamoja na vingine, kitu kiitwacho butireti. Seli za ukuta wa utumbo huitumia kama kuni. Tena butireti huvizuia vimeng'enya fulani vinavyozikunja na kuzifunga kurasa za jeni, na katika seli zilizopotoka inaweza kuzirudisha kwenye kukomaa au kuzipeleka kwenye kifo cha utaratibu. Katika jaribio la O'Keefe iliongezeka kwa waliopewa nyuzi na kupungua kwa walionyimwa. Wiki mbili hazipimi saratani, na watafiti wenyewe hawakudai hivyo. Walipima njia inayoelekea huko. Kwangu inatosha kuvunja hoja ya damu.

Kwetu nako kumepimwa. Mwaka 2025 kulichapishwa jaribio lililofanyika Kilimanjaro kwa wanaume 77 wenye afya. Waliozoea chakula cha asili wakapewa cha kimjini kwa wiki mbili, na wa mjini wakapewa cha asili. Kwa waliohamia chakula cha kimjini, viashiria vya mchochota ndani ya damu vilipanda, na kinga yao ya mwili ikabadilika mwenendo. Waliorudi kwenye vyakula vya asili walielekea upande wa pili. Lile halikuwa jaribio la saratani wala la utumbo mpana. Lakini ni miili ya Watanzania, na inajibu chakula kama miili ya wengine wote.

Ninayasema haya nikijua sahani zetu zinavyokwenda. Dona imeachiwa wagonjwa na wazee, sembe nyeupe imekuwa heshima. Kunde, mtama na mchicha vimekuwa chakula cha mwisho wa mwezi. Chipsi na soseji ni zawadi ya mtoto aliyefaulu. Mwaka 2015, shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliitangaza nyama ya kusindikwa kuwa inasababisha saratani ya utumbo mpana kwa binadamu, na kukadiria kwamba gramu 50 kila siku huongeza hatari kwa asilimia 18. Dunia nzima, mwaka 2022, waliogundulika walizidi milioni 1.9 na waliokufa walikuwa takriban 900,000. Nasi tumo. Ken Okoth, mbunge wa Kibra nchini Kenya, alijitokeza hadharani mwaka 2019 kusema ana saratani hii, tena hatua ya nne. Alifariki Julai mwaka huo akiwa na miaka 41. Wanaosema ni ugonjwa wa wazungu wazee wamwangalie.

Lakini nisije nikafungua mlango wa wezi. Siku hizi wapo wanaouza chupa za kijani na unga wa mizizi kwa madai ya "kurekebisha jeni" na "kuamsha seli". Wamesikia neno kwamba jeni hufunguka na kufungwa, wakaligeuza biashara. Hakuna hata chupa moja kati ya hizo iliyoonyeshwa kuirudisha APC au MLH1 ya mtu mahali pake, na mgonjwa anayetumia miezi sita kuinywa anaupa uvimbe miezi sita. Wapo pia wanaomtazama mgonjwa na kusema kajitakia kwa kula chipsi. Hao nao wakome. Chakula kinasukuma hatari ya watu wengi juu au chini. Hakituambii kwa nini huyu na si yule. Mjomba wangu alikula dona maisha yake yote.

Na wale watano kati ya 100? Shemeji yangu ana sababu ya kuogopa, na sitamwambia hana. Mwaka 1895, huko Michigan, daktari Aldred Warthin alisimuliwa na mwanamke mshonaji kwamba naye atakufa kwa saratani ya utumbo au ya mfuko wa uzazi, maana ndugu zake ndivyo walivyokufa. Na kweli alifariki angali kijana, kwa saratani ya mfuko wa uzazi. Ukoo wake uliandikwa, ukafuatiliwa, na leo tunajua wanarithi kasoro ya wahariri wale wale niliowataja. Hali hiyo huitwa sindromu ya Lynch. Yule mshonaji hakuwa na la kufanya. Ukoo wa namna hiyo leo unalo. Hata kwa aliyerithi, jeni moja mbovu si saratani: ni lazima nakala ya pili nayo inyamaze ndani ya seli fulani, kisha makosa yarundikane, na huko njiani ndiko kamera inakoingia.

Hata kidonge cha aspirini kimeonyesha kwamba mwenye urithi huo si mateka. Uvimbe mwingi wa utumbo mpana hupandisha usomwaji wa jeni ya kimeng'enya kiitwacho COX-2, na aspirini huvizuia vimeng'enya vya jamii hiyo. Watu 861 wenye sindromu ya Lynch waligawanywa: kundi moja likapewa aspirini kila siku, jingine kidonge kisicho na dawa. Walipofuatiliwa kwa miaka 10 na zaidi, waliopata saratani ya utumbo mpana walikuwa asilimia 9 upande wa aspirini na 13 upande wa pili. Urithi wao ulikuwa wa aina moja, mwisho wao haukuwa mmoja. Asiinywe mtu bila daktari, maana inaweza kutoboa tumbo na kumwaga damu. Nimeitaja kwa ajili ya wanaosema hakuna la kufanya.

Kutoka polipu hadi saratani mara nyingi hupita miaka 10 au zaidi. Huo ndio muda ambao kurasa zinafungwa na kufunguliwa vibaya, moja baada ya nyingine, na katika muda wote huo kinyama kile kinaweza kukatwa kwa waya kupitia kamera, mtu akarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Saratani chache sana hutupa nafasi ndefu kama hii, nasi tunaitumia kubishana juu ya damu ya nani ni safi. Wizara zetu zinastahili kuulizwa kwa nini kipimo cha damu iliyofichika chooni, ambacho hakihitaji mashine kubwa, si jambo la kawaida katika kila kituo cha afya, na kwa nini kamera za utumbo zimebaki hospitali za rufaa peke yake. Wahudumu nao waache kuandika "bawasiri" kwa mtu ambaye hawajampima.

Mwaka mmoja baada ya matanga nilimpeleka kupimwa mama yangu, dada wa marehemu, wa ukoo ule ule wenye damu safi. Alikunywa ile dawa ya kusafisha tumbo usiku kucha akinilalamikia. Asubuhi wakamkuta na polipu mbili, wakazitoa. Maabara ikasema hazijawa saratani. Nilipomweleza yule mzee wa mkekani, alikaa kimya kwa muda, kisha akaniuliza kipimo hicho kinaitwaje. Nikamwandikia kwenye karatasi: kolonoskopia.

Aliyebaki ni shemeji. Shemeji, una miaka 47. Baba yako aligundulika akiwa na 60, kaka yako 51. Kwa mtu mwenye ndugu wa karibu aliyeugua, madaktari wengi hutaka aanze kupimwa akifika 40, au miaka 10 kabla ya umri wa ndugu yake, lolote litakalotangulia. Umeshachelewa miaka saba, na bado hujaumwa. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa mlangoni kwako. Usile kitu usiku wa kuamkia siku hiyo mpaka tumwone daktari, na uje na kadi ya marehemu kaka yako.